Ndege za Sola: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Hapa Soroti

Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Soroti, Uganda, na kila Jumamosi tuna kundi la vijana wanaojifunza kuunda ndege ndogo. Ndege za mafunzo za chuo cha urubani hupita juu ya vichwa vyetu tangu asubuhi. Mji huu huu una mtambo wa sola unaolisha gridi ya taifa. Mtoto anayekulia kati ya vitu hivyo viwili lazima aviunganishe kichwani, na ndiyo maana swali la kwanza la kila mwanafunzi mpya huwa lile lile: mwalimu, mbona ndege hazitumii jua?

Nimekusanya hapa maswali ambayo vijana, wazazi na mafundi wa mjini wamekuwa wakinirudia, pamoja na majibu ninayoyatoa.

## Mambo ya msingi

Ndege ya sola ni ndege ya namna gani?

Ni ndege inayosukumwa na mota za umeme, na umeme huo unatoka kwenye seli za sola zilizobandikwa juu ya mabawa, mara nyingine na mkiani. Seli zinageuza mwanga kuwa umeme, umeme unazungusha mota, mota inazungusha rafadha (propela). Unaobaki unaingia kwenye betri. Tangi la mafuta halipo.

Msidhani joto la jua ndilo linalofanya kazi. Ni mwanga. Joto kwa kweli ni adui: seli ya silikoni hupoteza sehemu ndogo ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja joto linapopanda. Paneli iliyo juu ya bati la moto saa saba mchana inatoa pungufu kuliko ambavyo ingetoa mahali penye baridi na mwanga ule ule. Huko juu angani kuna baridi kali, na hiyo ni neema kwa seli.

Jua likizama, ndege inaanguka?

Hapana, lakini hapa ndipo ugumu wote ulipo. Watu wakisikia ndege ya sola hufikiria mchana, ilhali wanaoziunda hukesha wakifikiria usiku.

Kuna njia mbili za kuvuka giza, na ndege nzuri hutumia zote. Ya kwanza ni betri: mchana seli zinaendesha mota na kuchaji betri kwa pamoja, usiku betri zinabeba mzigo peke yake. Ya pili ni kimo. Mchana rubani anaipandisha ndege juu sana, na jua linapozama anaanza kushuka taratibu mno, mota zikiwa zimepunguzwa. Kimo alichokipata mchana kinakuwa akiba, sawa na mtu aliyesukuma baiskeli hadi kileleni akiwa na nguvu, kisha akaachia miguu mteremko mzima. Solar Impulse 2, ndege ya sola ya Waswisi iliyoizunguka dunia, ilikuwa ikipanda hadi mita 8,500 hivi mchana, na usiku ikashuka hadi karibu mita 1,500 kabla ya kulirudia jua.

Kama betri zikiisha dakika kumi kabla ya mapambazuko, safari imekwisha. Kwa hiyo kila gramu kwenye ndege hizi huulizwa swali moja: utatusaidia kuvuka usiku, au utatuzamisha?

Kwa nini Uganda Airlines wasibandike paneli kwenye Airbus zao?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo tulipigie hesabu.

Jua la saa sita, anga likiwa safi, linashusha karibu wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba ya ardhi. Seli nzuri inakamata kama asilimia 22 ya hizo, yaani wati 220. Tuseme Airbus A330 ina mabawa yenye eneo la mita za mraba 400 na tumeyafunika yote bila kuacha pengo. Tutapata wati 88,000, yaani kilowati 88. Hiyo ni nguvu ya gari la kawaida la saluni. Ndege hiyo ikiwa angani inahitaji zaidi ya megawati 10, yaani kilowati 10,000, ili iendelee na safari. Mtambo wetu wa Soroti, uliozinduliwa Desemba 2016, una uwezo wa megawati 10 paneli zake zote zikifanya kazi kwa ukamilifu. Ungeuchukua mtambo mzima, ukaupakia kwenye Airbus moja, na bado usingetosha.

Betri nazo hazituokoi. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati ya karibu kilowati-saa 12. Kilo moja ya betri nzuri ya lithiamu ina kama robo ya kilowati-saa. Mota ya umeme haipotezi nguvu nyingi kama injini ya mafuta, kweli, lakini pengo hilo ni pana mno kuzibwa na ubora wa mota peke yake.

Mbona mabawa yake ni marefu hivyo, na mwendo wenyewe wa polepole?

Kwa sababu nguvu iliyopo ni kidogo, na bawa refu na jembamba ndilo linaloibeba ndege kwa gharama ndogo kabisa ya nguvu. Mtazameni korongo au tai anavyozunguka bila kupiga bawa, kisha mtazameni kanga anavyohangaika kuinuka.

Solar Impulse 2 ina mabawa ya mita 72 kutoka ncha hadi ncha. Airbus A330-800 ya Uganda Airlines ina mita 64. Lakini Airbus inaweza kuruka ikiwa na uzito wa tani 251, na Solar Impulse 2 ina tani 2.3 tu, ikimbeba mtu mmoja. Mwendo wake wa wastani ulikuwa kilomita 75 hivi kwa saa. Basi la Kampala kwenda Gulu lingeipita barabarani.

## Ilikotoka

Nani alirusha ndege ya sola kwa mara ya kwanza?

Inategemea unauliza ipi. Isiyo na mtu ndani ilikuwa Sunrise I, iliyoruka huko California mnamo Novemba 1974. Iliyobeba mtu ilikuwa Solar Riser ya Larry Mauro, Aprili 1979, pia California. Hiyo ilichaji betri yake ikiwa chini, kisha ikaruka kwa muda mfupi kwa umeme uliohifadhiwa. Wako wanaosema huko si kuruka kwa jua. Mimi nasema ni kuruka kwa jua la jana, na inastahili heshima yake.

Lakini ndege ninayoipenda kuwaeleza vijana ni Solar Challenger ya mhandisi Mmarekani Paul MacCready. Tarehe 7 Julai 1981 rubani Stephen Ptacek aliiondoa karibu na Paris, Ufaransa, akavuka mlango wa bahari na kutua Manston, Uingereza. Ni kilomita 262 kwa saa 5 na dakika 23. Ilikuwa na seli zaidi ya 16,000 na haikuwa na betri ya kuendeshea mota hata moja. Wingu likifunika jua, nguvu inapungua hapo hapo. MacCready alitaka kuonyesha kwamba mwanga peke yake unatosha, akaonyesha.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, alipokuwa akijaribu ndege nyingine iitwayo Gossamer Penguin, rubani wa majaribio ya mwanzo alikuwa mwanawe Marshall, mwenye umri wa miaka 13. Sababu ilikuwa uzito: mtoto ni mwepesi. Nikifika hapo darasa zima hunyamaza.

Ni kweli ndege ya sola imeizunguka dunia?

Kweli. Solar Impulse 2 iliondoka Abu Dhabi tarehe 9 Machi 2015 na ikarudi hapo hapo tarehe 26 Julai 2016, kwa safari 17. Waswisi wawili, Bertrand Piccard na André Borschberg, walipokezana usukani. Ina seli 17,248 na betri za uzito wa kilo 633, zaidi ya robo ya uzito wa ndege nzima. Afrika iliigusa Cairo, ikitokea Hispania.

Kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa Nagoya, Japani, hadi Hawaii. Borschberg alikaa angani karibu saa 118 peke yake, siku tano mchana na usiku, kwenye chumba kisicho na joto wala hewa ya kushindiliwa. Alilala kwa vipande vya dakika ishirini ishirini. Alipotua, betri zilikutwa zimeharibika kwa joto kupita kiasi, na ndege ikakaa Hawaii hadi Aprili ya mwaka uliofuata. Kumbuka jibu la usiku hapo juu: kilichowakwamisha kwa miezi tisa kilikuwa betri, jua lilikuwepo muda wote.

Na hizi zisizo na rubani zimefikia wapi?

Hizi ndizo zimefika mbali zaidi, kwa sababu hazibebi mtu, maji yake, chakula chake wala kiti chake.

Helios ya NASA ilipanda hadi mita 29,524 mnamo Agosti 2001, kimo ambacho ndege za abiria hazifikii hata nusu yake. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Juni 2003, ilikutana na hewa iliyochafuka karibu na kisiwa cha Kauai. Mabawa yalijipinda kuelekea juu, ndege ikaanza kuyumba, ikavunjika na kuangukia baharini. Bawa la mita 75 linalotakiwa kuwa jepesi kuliko kawaida halina akiba ya uimara, na ajali ile wahandisi wanaisoma hadi leo.

Ndugu yake wa sasa ni Zephyr, yenye mabawa ya mita 25 na uzito usiofika kilo 75, yaani uzito wa mtu mzima mmoja. Mwaka 2022 ilikaa angani siku 64 ikitokea Arizona, Marekani. Mwaka 2025 ikazidisha hadi siku 67, na safari hii ilirushwa kutoka Laikipia, Kenya. Jirani zetu! Kwa nini Laikipia, soma jibu linalofuata.

## Uganda na ikweta

Jua letu la ikweta linasaidia kitu?

Linasaidia sana, ila si kwa sababu watu wanayoifikiria. Wengi husema jua letu ni kali. Jambo kubwa zaidi ni kwamba usiku wetu haubadiliki. Kule Ulaya ya kaskazini, Juni usiku ni mfupi na ndege ya sola inastarehe. Desemba usiku unazidi saa 16 na betri haziwezi. Kwetu, Januari au Julai, giza ni saa 12 tu. Ukiunda ndege inayoweza kuvuka usiku mmoja wa Uganda, umeunda ndege inayoweza kuvuka usiku wowote wa Uganda. Laikipia iko kwenye mstari ule ule wa ikweta unaopita Kayabwe, pale watu wanapopigia picha kwenye duara jeupe.

Upande wa pili wa shilingi ni mawingu. Eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi sana duniani, na dhoruba za ziwani hupenda kuja usiku na alfajiri. Zephyr huishi juu ya mita 18,000, ambako mawingu karibu yote yako chini yake, lakini ili ifike huko lazima ipande kwa saa nyingi kupitia hewa hii hii yetu. Nyanda kavu zenye asubuhi tulivu ni bora kuliko ufuo wa ziwa. Karamoja, kwa mfano, ningeipima kwanza.

Kuna Mganda aliyewahi kujaribu?

Ndege kamili ya sola ya kubeba mtu, sina ninayoijua. Lakini mambo ya jirani yapo, na si madogo.

Mwaka 2011 Chris Nsamba na vijana wa kujitolea walikuwa wakiunda ndege uani kwa mama yake, Ntinda, Kampala. Watu walicheka. Mimi sikucheka wakati ule na sicheki leo, maana kila ndege niliyoitaja hapo juu ilianzia kwa watu wachache waliokuwa wakichekwa. Mwaka huo huo Makerere walitoa gari la umeme la Kiira EV, na Februari 2016 likafuata Kayoola, basi la watu 35 lenye paneli juu ya paa. Novemba 2022 setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, ilipelekwa angani, na kitu kilichoiendesha huko kilikuwa seli za sola na betri, kazi ile ile tunayoizungumzia hapa.

Tukiwa nazo, zitatufanyia nini?

Zisahau safari za Dubai. Fikiria ndege nyepesi inayoshinda angani ikitazama: moto unaounguza Murchison, maji yanayopanda Kasese, boti iliyozama ziwani usiku, nzige wanaoingia kutoka kaskazini. Setilaiti inapita na kuondoka. Ndege ya sola inabaki.

Pia kuna mawasiliano, kwani ndege iliyo juu kabisa inaweza kufanya kazi ya mnara wa simu kwa eneo kubwa. Na kuna dawa: visiwa vya Kalangala vilishapelekewa dawa za wagonjwa wa VVU kwa droni za betri. Hizo hazikuwa za sola, lakini mtu aliyengoja boti siku mbili kwa sababu ya mawimbi hakuhitaji kuelezwa faida yake.

## Kuunda yako

Naweza kutumia paneli ya nyumbani?

Hapana. Paneli ya wati 100 ya dukani ina uzito wa kilo saba hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo ni kioo na fremu ya alumini. Unachotaka ni seli tupu, zisizo na kioo. Seli moja ya sentimita 12.5 kwa 12.5 ina uzito wa gramu chache na inatoa karibu nusu volti, wati kama tatu jua likiwa zuri. Unaziunga mfululizo hadi volti zitoshe mota yako.

Na pima kila unachonunua. Muuzaji mmoja Kampala alituuzia mzigo ulioandikwa nguvu maradufu ya ile tuliyopima. Pesa zilikuwa za michango ya wazazi. Tangu siku hiyo hatutoi shilingi kabla mita ya kupimia umeme haijasoma.

Nianze na nini?

Usianze na sola. Anza na ndege ya kurusha kwa mkono, isiyo na mota, ya povu jeupe linalofungiwa televisheni. Irushe mara mia. Sogeza uzito mbele, rudisha nyuma, hadi ielee moja kwa moja bila kupiga mbizi wala kuinua pua. Kisha weka mota na betri. Ikishakaa angani kwa umeme kidogo kabisa, ndipo uongeze seli. Ndege mbaya haiponywi na jua.

Seli zinasoma volti vizuri, lakini mota ikiwashwa nguvu inakufa. Kwa nini?

Karibu kila mara seli imepasuka. Seli ni nyembamba kuliko kadi ya simu na inavunjika kama ganda la yai. Unapochomea waya kwa risasi ya kuungia nyaya, ukibonyeza kidogo tu unasikia *tik*, sauti ndogo kama ya kukata ukucha, na jicho halioni kitu. Mita inasoma volti zote kwa sababu mita haivuti umeme. Mota inavuta, na umeme wote wa mfululizo lazima upite kwenye ile seli moja iliyojeruhiwa.

Bawa letu la kwanza lilikuwa na seli 24. Tulilishika juani, mita ikasema kila kitu kiko sawa, vijana wakashangilia. Tukawasha mota, rafadha ikazunguka kivivu na kusimama. Tulipima seli moja moja tukakuta tatu zimepasuka, zote zilizochomewa na mikono iliyokuwa na haraka. Sasa tunachomea seli ikiwa imelazwa juu ya kioo kilicho bapa kabisa, ncha ya chuma ikigusa kwa sekunde mbili tu, na kila seli inapimwa chini ya mzigo kabla ya kuungwa na mwenzake.

## Ruhusa na hatari

Nahitaji kibali?

Kwa kinachorushwa kwa mkono bila mota, uwanjani kwa shule, hapana. Kwa chochote chenye mota na rimoti, nenda kwanza kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, Entebbe. Vyombo vya usalama navyo huhusishwa, hasa kama unaagiza droni kutoka nje. Karibu na uwanja wa ndege usijaribu kabisa. Hapa Soroti kuna mwanafunzi wa urubani juu yako anayetua peke yake kwa mara ya kwanza maishani. Kwa ajili yake sisi husafiri mbali na mji, na hatuna kijana anayelalamika.

Mvua ikitukuta je?

Shusha. Usingoje tone la kwanza.

Betri za lithiamu ni za kuogopwa?

Ni za kuheshimiwa. Iliyovimba haichajiwi tena. Usichaji usiku watu wakiwa wamelala, wala juu ya godoro au mkeka. Sisi huchajia nje, kwenye sufuria kuukuu yenye mchanga, na mtu hukaa karibu hadi mwisho.

## Maswali ya pembeni

Abiria watapanda lini?

Kwa seli za juu ya mabawa peke yake, sioni siku hiyo. Hesabu ya Airbus hapo juu haibishani. Njia inayowezekana ni ndege ndogo za betri zinazochajiwa chini. Velis Electro ya Pipistrel, ya watu wawili, ilipata cheti cha Ulaya Juni 2020 na inaruka kwa karibu dakika 50, kazi yake kubwa ikiwa mafunzo. Chuo cha Soroti kinafundisha marubani tangu 1971. Uwanja wenye jua kama huu, mtambo wa sola uko mji huo huo, na safari za mafunzo ni fupi: hapo naona jambo linalowezekana kabisa, tena katika umri wangu.

Je, mwanga wa mwezi mpevu unaweza kusaidia?

Huulizwa kila muhula na sichoki kulijibu, kwa sababu anayeuliza amekwishaelewa kwamba usiku ndio tatizo. Mwezi mpevu hutupa mwanga hafifu kuliko jua mara 400,000 hivi. Bawa zima la Solar Impulse 2, likipokea mwanga huo bila wingu lolote, halitatoa umeme wa kuwasha tochi ya simu. Msichana mmoja wa kidato cha pili hakuniamini. Alikuja na mita na seli moja usiku wa mwezi, akasimama nje ya bweni, na Jumatatu akaniletea daftari lenye namba alizosoma.